Jinsi Farasi Anavyofundishwa Kunyumbuka

Wasikilizaji wangu, jambo nitakalolieleza leo huenda likawashangaza wengi, maana nchi zetu si nchi za farasi. Mbung'o, na yale maradhi ya farasi yaletwayo na usubi, yamewazuia wanyama hawa wasienee kwetu kama walivyoenea Uarabuni na Ulaya. Hata pwani, mtu aliyetaka mnyama wa kumpanda alimtafuta punda; farasi alikuwa mali ya wakuu na hidaya ya wafalme. Mwaka 1840 Sayyid Said alipopeleka merikebu yake Sultana mpaka New York, miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili. Walakini farasi wapo katika nyanda zetu za juu, na wengi wao huumia si kwa mzigo, bali kwa kupandwa na watu wasiojua mwili wa mnyama ulivyo. Nami nilikuwa mmoja wa watu hao.

Nikiwa mwalimu kijana niliazimwa farasi jike wa kijivu, nimtumie kwenda katika shule za vijijini. Nilidhani kupanda ni kukaa, na kuongoza ni kuvuta. Yule jike aliinua kichwa hata masikio yake yakakaribia kidevu changu, akakaza mgongo, na mwendo wake ukanitikisa kama gari la ng'ombe lipitalo juu ya mawe. Kadiri alivyokaza ndivyo nilivyovuta. Siku ya tatu mzee mmoja, saisi wa siku nyingi, alinitazama nikizunguka uwanja, akanijia, akashika hatamu.

"Mwalimu," akasema, "wamwadhibu kwa kosa gani?"

"Simwadhibu, mzee wangu. Hataki kugeuka."

"Hawezi kugeuka. Kutotaka ni jambo jingine. Shuka nikuonyeshe."

Nikashuka. Akaweka kiganja chake nyuma ya tandiko, karibu na kiuno cha mnyama, akabonyeza kidogo tu. Jike akadidimiza mgongo na kupiga mkia kama aliyeguswa na kaa la moto. Mzee hakusema neno tena. Akafungua mkanda wa tandiko, akampeleka kunywa maji, nami nikabaki uwanjani na aibu yangu.

Ili tufahamu kile kiganja kilionyesha nini, hatuna budi kuanza na mifupa. Mwanadamu ana mtulinga, mfupa ule uungao bega na kifua. Farasi hana. Miguu yake ya mbele imeshikamana na mwili kwa misuli na kano tu, hata kifua chake kimetundikwa kati ya makombe mawili ya mabega kama mtoto katika mbeleko. Tena kichwa na shingo, ambavyo ni vizito, vyote viko mbele. Kwa hiyo farasi asimamapo wima bila mtu, miguu ya mbele huchukua karibu mafungu matatu katika matano ya uzito wake. Farasi wa kilo 500 ana kilo 300 hivi mbele na 200 nyuma. Maumbile yamempa hivyo kwa sababu kazi yake ni kula majani na kukimbia adui, wala si kumchukua mtu.

Sasa tazama twafanyaje. Twamwekea tandiko nyuma kidogo ya mabega, kisha twakaa juu yake. Mgongo wake ni mfano wa daraja lenye nguzo mbele na nyuma, na katikati hakuna nguzo. Pingili 18 zenye mbavu na 6 za kiuno ndizo zilizo juu ya daraja hilo. Farasi asiyefundishwa, apatapo mzigo mahali hapo, hufanya lile ambalo mtu yeyote angefanya akirukiwa mgongoni ghafula: hukaza, huinua kichwa, na mgongo wake huzama. Mgongo ukizama, ile miiba ya mifupa iliyo juu ya pingili husogeleana, na katika farasi wengine hugusana na kusuguana hata kuleta maumivu ya kudumu. Na nyuma, miguu hubaki mbali, ikisukuma tu bila kubeba. Farasi wa namna hiyo hujikwaa, huumia viungo vya mbele mapema, na mpanda farasi husema ana mdomo mgumu. Mdomo hauna hatia.

Dawa yake yapatikana katika mwili ule ule. Kutoka kisogoni mwa farasi yatoka kano kubwa, ipitayo juu ya shingo yote mpaka kilele cha mabega, kisha huendelea juu ya uti wa mgongo mpaka nyuma. Farasi anyooshapo shingo yake mbele na chini, kano hiyo huvuta ile miiba ya mabegani na kusaidia kuuinua mgongo, na misuli ya tumbo hukaza kutoka chini kama kamba ya upinde. Hapo daraja huinuka. Kwa sababu hiyo wajuzi wote wa Ulaya, wasiopatana katika mambo mengi, hupatana katika hili: farasi kijana afundishwe kwanza kunyoosha shingo na kulegeza mgongo, kabla ya kuombwa lolote jingine.

Neno kulegeza lisituponze. Kulegea nisemako si uzembe. Farasi mzembe huburuta kwato, hulalia hatamu, na kichwa chake huning'inia tu. Farasi aliyelegea kwa utulivu huenda mbele kwa hamu, lakini misuli yake hukaza na kulegea kwa zamu, kama mikono ya mwanamke atwangaye. Dalili zake huonekana waziri kwa mwenye macho: mkia haushikwi, bali huyumba kushoto na kulia kwa kufuata mgongo, masikio yamelegea, moja hugeuka nyuma kumsikiliza mtu, mdomo umefungwa nao hutafuna lijamu taratibu, na povu jeupe kidogo hutokea, na mara nyingi, baada ya dakika kumi au kumi na tano za kazi, farasi hupiga chafya ndefu ya puani. Mzee wangu saisi aliingoja chafya hiyo kuliko kitu kingine. Sisi walimu tunajua darasa lililo kimya kwa hofu na darasa lililo kimya kwa sababu linafikiri. Mgeni huyaona sawa, lakini la kwanza halitajifunza hesabu siku ile.

Kazi huanza kwa kamba. Farasi huzungushwa bila mtu mgongoni, akishikwa kwa kamba ndefu ya mita saba au nane, katika duara pana. Duara dogo humwumiza viungo, kwa hiyo kamba isifupishwe ili kumtawala. Dakika kumi na tano au ishirini zatosha, nusu upande wa kushoto na nusu upande wa kulia. Hapo anajifunza kutawala uzito wake mwenyewe, akisikia sauti ya mtu na kuona mjeledi unaoelekeza, usiopiga.

Kisha hupandwa. Umri una neno kubwa hapa. Ingawa farasi wa miaka mitatu huonekana mkubwa, pingili za mgongo wake haziwi mifupa iliyokomaa kabisa mpaka miaka mitano au sita. Wenye haraka hupata farasi wa kupanda miaka miwili mapema, na kumpoteza miaka kumi mapema.

Dakika kumi za kwanza ni mwendo wa hatua, hatamu zikiwa ndefu. Sikiliza kwato: mwendo wa hatua una vishindo vinne, mwendo wa matiti una viwili, mbio nyepesi zina vitatu. Mpanda farasi na ahesabu moyoni. Kishindo kikikawia au kikiharakishwa, kuna mahali farasi amekaza, au kuna mahali mtu amemzuia. Hesabu hiyo si mchezo wa watoto. Wadachi, ambao wamepanga mafunzo ya farasi katika hatua sita, wameweka usawa wa vishindo kuwa hatua ya kwanza, na kulegea kuwa ya pili. Zafuata kushikana kwa mkono na mdomo, nguvu ya kusukuma, unyofu, na mwisho kabisa kujikusanya. Twaona basi kwamba jambo ambalo watu wengi hulitamani kwanza, yaani farasi aliyepinda shingo vizuri na kukanyaga kwa maringo, ndilo la mwisho.

Katika mwendo wa matiti mpanda farasi huinuka na kukaa kwa zamu, asiutwike mgongo uzito wake wote katika kila kishindo. Baada ya muda hujaribu jaribio moja: hufungua vidole na kuziacha hatamu zipite kidogo kidogo. Farasi aliyelegea atazifuata mpaka chini, shingo ikinyooka, mgongo ukijaa chini ya tandiko, na mwendo hautaharakisha wala kupungua. Asiyelegea atainua kichwa, au atakimbia. Jaribio hili halidanganyi, na halina gharama.

Tuje kwenye kupinda. Farasi, kama sisi, huzaliwa na upande wake. Wako wanaopenda kupinda kushoto na kukaza kulia, na wengine kinyume chake. Mimi huandika kwa mkono wa kulia, na mkinipa kalamu kwa mkono wa kushoto nitaonekana mjinga, lakini sikuasi. Farasi apendaye kupinda kushoto huonekana mwepesi upande huo, kumbe anakwepa: mguu wake wa nyuma wa kushoto hupita kando badala ya kukanyaga chini ya tumbo, na uzito wote hudondokea bega la kulia. Akitakiwa kugeuka kulia huwa kama ubao. Mpanda farasi asiyejua humvuta kwa hatamu ya kulia. Shingo hugeuka, kwa maana shingo ina pingili saba zilegeazo sana, lakini mwili haufuati, na bega lile lile hupata uzito zaidi. Ndivyo nilivyofanya siku tatu na yule jike.

Inavyotakiwa ni hivi. Katika duara la mita ishirini, mguu wa ndani wa mpandaji hugusa ubavu karibu na mkanda wa tandiko, ukimwomba farasi akanyage mbele zaidi kwa mguu wake wa nyuma wa ndani. Mguu wa nje wa mtu hukaa nyuma kidogo, kuzuia kiuno kisitoke. Hatamu ya ndani huelekeza tu, kiasi cha kuona pembe ya jicho lake, kisha hulegea. Hatamu ya nje ndiyo ishikayo kazi, maana ndiyo izuiayo bega lisikimbie. Watu wa zamani walifikiri uti wote wa farasi hupinda sawasawa kama upinde. Waliopima kwa vyombo wameona kwamba sehemu ya mbavu hupinda kidogo sana. Mengi tunayoyaona hutoka shingoni, na katika mbavu zinazoyumba upande, na katika miguu inayopishana. Lakini hisia ya mpandaji ni ile ile, na mazoezi ya wazee hayakupotea.

Zoezi lililo bora kuliko yote katika jambo hili lina historia yake. Katika karne ya 17 Mwingereza mmoja, William Cavendish, mtawala wa Newcastle, akiwa uhamishoni Ulaya alichapisha kitabu Antwerp mwaka 1658, akaeleza jinsi alivyolainisha mabega ya farasi kwa kuwazungusha katika duara. Baadaye Mfaransa, François Robichon de la Guérinière, aliyezaliwa mwaka 1688 na kufa mwaka 1751, aliitazama kazi ile akaona kasoro yake: duara lile liliuongeza uzito wa mabega badala ya kuupunguza. Basi akalinyoosha. Alimpeleka farasi kando ya ukuta, akaleta mabega ndani kidogo ya njia huku miguu ya nyuma ikibaki ukutani, mwili ukipinda kuuzunguka mguu wa ndani wa mpandaji. Kwa kwenda hivyo mguu wa nyuma wa ndani hulazimika kukanyaga chini ya tumbo, kukunja viungo vyake, na kubeba. Na bega la nje hupata nafasi ya kufunguka. Kitabu chake kilichochapwa mwaka 1733 kinasomwa mpaka leo, na zoezi hilo, bega ndani, limebaki msingi wa shule zote. Mkitazama kwa mbele mtaona nyayo tatu: mguu wa nje wa mbele na mguu wa ndani wa nyuma hufuata mstari mmoja. Ikionekana minne, pembe imezidi, na farasi mchanga ataacha kupinda na kupishanisha miguu tu.

Hatua kumi zilizo sawa zatosha. Kisha anyooshwe, aende mbele kwa furaha. Nimeona watu wakifanya bega ndani nusu saa nzima, hata farasi akachukia ukuta wenyewe.

Na mizani je? Farasi hupata mizani yake kwa kubadilishwa mwendo mara nyingi: kutoka hatua kwenda matiti, matiti kurudi hatua, kusimama, kuanza tena. Kila akipunguza mwendo pasipo kuvutwa mdomo, miguu ya nyuma husogea chini ya mwili, na sehemu ndogo ya zile kilo 300 za mbele hurudi nyuma. Mpandaji hukaa wima zaidi, hufunga miguu yake kidogo, na vidole vyake hufumba kama akamuavyo sifongo, kisha hufumbua mara moja. Kule kufumbua ndiko farasi anakojifunza. Mkono usiofumbuka ni kama mwalimu asiyesema "vema" hata jibu liwe sahihi.

Mwenye kutaka kuona njia hii ilipofikia kilele chake na aende Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko iko Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi, iitwayo hivyo kwa sababu ya farasi wa Hispania walioianzisha. Jumba lake lilijengwa kati ya miaka 1729 na 1735, nalo lina nguzo na taa za fahari kama kasri. Farasi wake ni wa ukoo wa Lipica, mahali palipo leo katika nchi ya Slovenia, ambapo ufugaji ulianza mwaka 1580. Huzaliwa weusi au kahawia, kisha hugeuka weupe miaka inavyopita. Madume hufika shuleni wakiwa na miaka minne hivi, na mwaka wa kwanza hawafanyi ila kwenda mbele, kwa unyofu, katika miendo yao ya asili. Hakuna maajabu. Mafunzo yote huchukua miaka sita hivi, na wengine hucheza mbele ya watu wakiwa na miaka zaidi ya ishirini, viungo vyao vikiwa vizima. Mkuu wa shule hiyo tangu mwaka 1939, Alois Podhajsky, alikuwa ameshinda nishani ya shaba katika michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, juu ya farasi aitwaye Nero. Nero alikuwa farasi wa mashindano ya mbio, tena aliyeshindwa katika mbio. Hakuwa na umbo la ajabu; mwendo wake ulijengwa pole pole kwa mazoezi haya haya niliyoyataja.

Sipendi kuficha kwamba hata Ulaya wako walioiacha njia hiyo. Katika miaka ya karibuni wapandaji mashuhuri wameonekana wakivuta vichwa vya farasi mpaka midomo ikakaribia vifua, na kuwashikilia hivyo dakika nyingi, wakisema wanawanyumbua. Watu walipiga kelele, na mwaka 1910 ulipopita miaka mia, yaani 2010, chama cha ulimwengu cha michezo ya farasi kilitangaza kwamba hali ya shingo inayopatikana kwa nguvu na ukali haikubaliki. Mabishano hayajakwisha. Mimi si mjuzi wa mashindano, lakini kipimo cha yule mzee chanitosha: fungua vidole, utazame farasi atafanya nini. Aliyenyumbuka kweli atanyoosha shingo. Aliyefungwa atakimbilia mahali popote palipo wazi. Xenofoni wa Athene alikwisha kuandika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kwamba farasi hajifunzi uzuri wowote kwa kushurutishwa, naye alikuwa askari, si mtu wa kubembeleza.

Nilimaliza wiki saba na yule jike wa kijivu. Wiki mbili za kwanza sikumpanda kabisa. Mgongo wake ulikandwa kwa kiganja asubuhi na jioni, na tandiko, ambalo lilikuwa jembamba mno mabegani, likabadilishwa. Maana hakuna zoezi linaloshinda tandiko baya. Kisha tukaanza kwa kamba, kisha hatua, kisha matiti. Siku moja ya wiki ya saba, tukizunguka upande wake wa kulia, ule mgumu, nilihisi kitu kikijaa chini yangu, kama mtumbwi uinuliwapo na wimbi dogo. Shingo yake ikashuka. Nikafumbua vidole, hatamu zikapita, naye akapiga chafya ndefu iliyosikika uwanja mzima.

Nilitaka kuendelea, nilivyofurahi. Mzee akainua mkono pale kivulini alipokaa.

"Basi, Mwalimu. Mshukie papo hapo."

Nikashuka katikati ya duara, nikalegeza mkanda wa tandiko matundu mawili, tukatembea kwa miguu mpaka bandani, yeye akinifuata nyuma bila kuvutwa.